Nani Kawasha Kadi Kubwa

"Nyekundu tena! We dogo, unanionaje mimi?"

"Sijaigusa, bro."

"Hujaigusa? Shika hapa. Shika! Inachemka kama pasi."

Nelson aliigusa laptop, akatoa mkono haraka. Kaka yake Yoeli alikuwa amesimama mbele yake pale sebuleni, Moshono, jaketi bado mwilini. Ametoka mjini mbio ili amalizie video ya harusi, na betri inasoma asilimia nne.

Yoeli anapiga video za harusi, na laptop hiyo ndiyo inamlisha. Ndani ina kadi mbili za kuendesha picha za skrini: ndogo ya kazi nyepesi, kubwa ya magemu na video nzito. Ile kubwa inakunywa betri kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Na Julai hii umeme unakatika kila asubuhi. Ndiyo maana aliweka kiprogramu cha kumwonyesha kadi ipi iko kazini. Ni kidoti tu pembeni ya skrini: kijani ni ndogo, chekundu ni kubwa.

Siku alipokiweka aliwaonyesha wote nyumbani. Nelson hakuinua hata macho kwenye simu yake. Mama yao, Evaresta, ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo ikiwa nyekundu ndo inapata moto?"

"Moto balaa, mama."

Yoeli alifurahi. Angalau kuna mtu mmoja humo ndani anayemwelewa.

Tangu hapo, kila akiiacha laptop mezani, akirudi anakuta chekundu. Na gemu la mpira liko wazi. Gemu la Nelson.

"Dakika ya themanini na nane, bila bila," Yoeli akasoma kwenye skrini. "Unanimalizia betri na hata kufunga hujui."

"Ndo ujue siyo mimi! Mimi nitoke bila bila na timu ile? Usinitukane, bro."

"Kwa hiyo mzimu ndo umecheza?"

Simu ikaita. Mama Nisha, mteja wake wa Njiro. Hakusalimia. Amechoka kusubiri video ya harusi ya binti yake, anataka picha zake zote ampelekee mtu mwingine. Akakata.

Yoeli aliitazama simu, halafu akamtazama mdogo wake.

"Beba begi. Nenda kwa baba mdogo, kule Maji ya Chai."

"Na gereji? Fundi kaniambia ananiajiri mwezi ujao. Nikiondoka mjini ndo basi tena!"

"Ungeifikiria gereji kabla hujawasha gemu."

"Bro, naapa..."

"Toka!"

Nelson alikusanya nguo zake, akatoka bila kuaga. Mama alikuwa uani, hakusikia kitu.

Yoeli akaipeleka laptop kwa kinyozi mwenye jenereta. Ilipojaa, akairudisha mezani, akapanda bodaboda mpaka Njiro. Alimwomba Mama Nisha mpaka aibu ikamwisha. Akapewa mpaka kesho. Hapo sasa akarudi mbio, anajua kazi itaisha leo leo. Nelson hayupo, nani tena ataigusa?

Meza ilikuwa tupu.

Akampigia Nelson.

"We mwizi! Rudisha laptop yangu!"

"Laptop gani? Mimi niko huku kwa baba mdogo, nakata majani ya ng'ombe. Nimekuwa mwizi sasa? Sawa, Yoeli. Usinipigie tena."

Siku zote alimwita bro.

Yoeli alisimama pale, anapumua. Ndipo akasikia kelele za mashabiki. Uwanja mzima unashangilia, lakini kwa mbali, kama umefungiwa ndani ya kitu. Sauti inatoka uani, kwenye stoo ya mama.

Akausukuma mlango kwa teke.

"Taratibu, baba! Unaingiza baridi."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi kubwa lililofunikwa blanketi. Balbu iliyoning'inia juu yake ilikuwa imezimika.

"Umeme ukikatika wanakufa," alinong'ona. "Mimi nabonyeza tu ule mpira, inakuwa nyekundu, basi wanatulia."

Akainua pembe ya blanketi. Vifaranga walikuwa wamebanana juu ya kibodi, wamelala fofofo, na juu yao mechi inaendelea, bila bila.

Yoeli akageuka, akashika njia ya Maji ya Chai.