Uji wa Shemeji

Nasikiwa alikuja hospitali kumtolea shemeji yake Elifasi maneno aliyoyabeba moyoni miaka sita, tangu alipomfukuza nyumbani yeye na wanawe, siku tatu tu baada ya kumzika mumewe. Sasa Elifasi alikuwa amelala, mwili umepooza, na bakuli la uji linapoa kando yake.

“Wewe ni ndugu yake?” muuguzi aliuliza. “Tangu jana hajapata wa kumlisha.”

Nasikiwa alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Kila asubuhi alisali sala ya Bwana, na kila alipofika kwenye kusamehe aliishia hapo.

“Shemeji,” Elifasi alisema kwa tabu, mdomo umempinda, “watoto... wanasoma?”

“Usiwataje wanangu!”

Machozi yakamtoka mgonjwa, asiweze kuyafuta.

Nasikiwa aliketi, akashika kijiko. Alimsukumia mdomoni kwa hasira, uji ukamwagika kidevuni mwa Elifasi.

“Ee Bwana, nisaidie,” alinong’ona, akampangusa kwa pindo la kanga.

Akachota tena, akangoja. Elifasi alimeza polepole mno, na bakuli lilikuwa bado limejaa.