Mwanamke wa Kwenye Sarafu

Mzee Shebe alipoona bakuli la ndimu na majivu, alikimbia hadi kando ya mkeka. Sarafu zake za kale za Marekani, zote za dhahabu, zilimeremeta mkekani. Mkewe alikuwa amezisugua kwa ajili ya sikukuu.

"Mama Zuhura! Sarafu za kale hazisuguliwi! Umezimaliza thamani!"

Mkewe, aliyeziita vyuma chakavu tangu waoane, hakuinua hata uso.

"Baba Zuhura, hebu tazama. Kwenye hii ya zamani huyu mwanamke ni kichwa tu na taji. Kwenye hii mpya kidogo kasimama, mguu mmoja mbele, nywele zinapepea, kashika mwenge. Kumbe alikuwa na miguu! Haya, anakwenda wapi?"

Miaka yote alisubiri mtu amwulize hilo.

Akavua viatu, akaketi mkekani, vichwa vyao vikagusana juu ya mwanamke anayetembea.