Utamu wa Kikapu

Tangu shamba la chai liwapandikize wachumaji kidude ubongoni, raha ya kusogeza mkono ilikuja kikapu kikiwa mgongoni tu. Babu zao walichapwa viboko. Wao walichapwa kwa utamu, wakaambiwa washukuru.

Jioni, nyumbani, mchumaji Lwitiko alikaa kama gunia. Binti yake mdogo, Subilaga, alimnyooshea mikono mpaka akachoka.

"Baba Subi, mbebe mwanao," mkewe Atupele alimwambia.

"Nampenda, mama. Mkono ndio hautaki."

"Kwa msimamizi mbona unataka?"

Kwa hasira Atupele akamvika kikapu, akamtumbukiza mtoto ndani. Papo hapo Lwitiko akasimama wima, anatabasamu. Subilaga akacheka, na Atupele machozi yakamlengalenga, akidhani amempata tena mumewe.

Lakini miguu ya Lwitiko ilikuwa imeshashika njia ya shambani. Atupele alimkimbilia akimwita, wala mumewe hakugeuka. Alipomfikia kwenye banda la mizani, kikapu kilikuwa kinaning'inia kwenye ndoano, mtoto analia ndani yake, na Lwitiko anamwuliza karani kwa furaha, "Kilo ngapi leo?"

"Kumi na moja," karani akajibu, bila kuinua macho.