Nyumba Huliuliza Gari Kwanza

Asubuhi ile mkopo wa gari ulipoisha, mume wangu Ndimbo aliliosha gari mpaka kwenye rimu, akalirudisha nyuma taratibu hadi chini ya dirisha la jikoni, maana nyumba yetu haiamini karatasi. Siku hizi nyumba yenye mkopo wa benki hupanga yenyewe masharti mapya kila baada ya miaka mitatu, na kabla ya kupanga huliuliza gari.

Mara ya mwisho ilitukazia. "Gari lenu linakula kabla yangu," ilisema kwa upole kutoka juu ya friji, na rejesho la mwezi likapanda. Tukala dagaa miaka mitatu.

"Bado unadaiwa?" nyumba ikaliuliza gari safari hii.

"Sidaiwi hata shilingi," gari likajibu, na naapa lilijibu kwa maringo.

"Basi nawapunguzia rejesho kwa theluthi. Hongera, Tusekile. Hongera, Ndimbo."

Ndimbo alininyanyua juu juu, mwiko ungali mkononi mwangu. Mama mkwe, aliyekuja toka Songea kwa ajili ya siku hii, alipiga vigelegele hadi majirani wakaitikia ng'ambo ya ukuta. Nikapakua pilau. Tukacheza na sahani zetu mkononi, na nyumba ikatuwekea muziki yenyewe.

Halafu ikaupunguza.

"Mama anachechemea tangu jana," ilisema kwa upole uleule. "Matibabu yake mtalipa kwa mkopo?"

Mama mkwe akavuta kiti, akaketi wima, akaishusha khanga yake mpaka ikafunika miguu yote miwili.