Pasi Ambazo Bibi Hakuziona

Mpira ulipotoka mkononi mwa Cade, bibi yake Opal alikuwa gizani, koti la kuwindia la marehemu mumewe limemfunika kichwa. Alisikia jukwaa zima likiguna. Akajua. Mpira umenyakuliwa tena na wapinzani.

"Bibi, uliiona ile ya mwisho?" Cade alimuuliza langoni, helmeti kwapani.

"Niliiona, baba. Ilitoka vizuri mkononi."

Aliubeba uongo ule mpaka wakafika nyumbani.

Cade alikuwa na miaka kumi na sita, na msimu huu ndiye mrushaji wa timu ya shule ya Harlan Flats, kwenye mpira wa Kimarekani: yeye hupokea mpira kwanza, kisha ama huurusha kwa wenzake walio mbele, ama humpa mwenzake akimbie nao. Lakini si yeye anayechagua. Kocha Hollis Mabry ndiye huchagua, akamtumia ishara za mikono kutoka ukingoni mwa uwanja. Joto lilipokuwa bado kali, Cade aliwatandika wote waliokuja. Tangu baridi ianze wanapigwa wao, na kila pasi yake inawakuta wapinzani wameshafika.

Jumapili, watu walipotoka kanisani na kujaa mgahawani, maneno yalikuwa hayohayo.

"Acha kurusha, Hollis. Kimbizeni mpira," alisema Royce, msaidizi wa kocha, akimwagia mkate wake mchuzi mzito. "Mtoto unamtwisha mzigo wa mtu mzima. Vidole vyake haviwezi baridi."

"Asiporusha, atajifunza lini?" kocha alimjibu. "We kuogelea ulifundishiwa jikoni?"

"Basi anazama, na sisi tunazama naye! Hata mbwa wangu siku hizi anajua pasi inakuja."

"Mlete huyo mbwa awe msaidizi wangu. Wewe unabweka tu."

Watu wakaangua kicheko. Opal, aliyekaa meza ya nyuma yao, alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Yeye hakuona kosa la vidole wala la kocha. Mtoto anarusha, na mtu wake pekee pale jukwaani amejificha, atapataje moyo? Lakini angefanyaje? Uwanja ni uleule ambako baba yake Cade, mwanawe Opal, alitolewa kwa machela siku moja, mkono wa kurushia bado umeinuliwa. Tangu hapo hakuweza kutazama. Zamani alijiziba macho kwa viganja. Baridi ilipoingia, koti likawa rahisi zaidi.

Alichoweza ni kumsaidia jikoni. Kocha hubadili ishara kila wiki kwa kuogopa wezi, na kila Alhamisi Opal husimama mbele ya jiko na kujifanya kocha.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Alhamisi iliyopita alishika sikio, akapiga paja, akagusa kofia. Cade akakawia kidogo tu, naye akamwahi: "Pasi ndefu, kulia! Umechelewa, mjukuu wangu, nipe mji!" Wakacheka mpaka mkate wa mahindi ukaungua.

Jioni ileile ya Jumapili Kocha Mabry alibisha hodi, kofia mkononi. Cade alikuwa ametoka. Opal alimkatia pai ya pichi, naye hakuigusa.

"Bi Opal, sitaki ulisikie hili mgahawani. Ijumaa namweka Cade benchi."

"Ijumaa? Na wale watu wa chuo wanaotafuta wachezaji wanakuja kumtazama?"

"Najua." Alijifuta uso. "Nimemharibu mimi. Nilimrushisha kabla hajaiva. Kila nikifumba macho namwona anatoka uwanjani ameinamisha kichwa."

Opal akashindwa kuvumilia. Mwanamume mzima alikuwa akijilaumu jikoni mwake, na yeye amekaa na lake.

"Si wewe, Hollis. Ni mimi. Sijawahi kuona hata pasi yake moja. Nikijua anarusha, najifunika. Halafu namwambia nimeona."

Kocha alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Aa, Bi Opal! Hayo ndiyo yanakunyima usingizi? Bibi kujifunika hakujawahi kumpotezea mtu mechi."

"Nimemdanganya mtoto."

"Basi tusahihishe. Utaziona zote leo, na akirudi utamwambia kweli." Akafungua kompyuta yake mezani, kando ya pai. Ulikuwa mkanda wa video wa timu ya Cutler Springs, waliowafunga Harlan Flats Ijumaa iliyopita. Shule za huko hupeana mikanda ya mechi, na kila timu inayofuata huisoma kabla ya kuja. Hawa walipiga picha wakiwa upande wa wageni, kwa hiyo jukwaa la nyumbani lote lilionekana nyuma ya wachezaji.

"Mtazame mkono," kocha alisema. "Usitazame kitu kingine. Mkono tu."

Opal alishika ukingo wa meza, akayakodoa macho.

Mpira wa kwanza, Cade alimpa mwenzake akimbie. Wa pili, vilevile. Kisha kocha, mdogo kama sisimizi kwenye kioo, akashika sikio, akapiga paja, akagusa kofia.

Jukwaani, katikati ya makoti meusi na ya kijani, likapanda hadi kichwani mwa mtu koti moja la chungwa kali, lile ambalo wawindaji huvaa ili waonekane ng'ambo ya bonde.

Namba hamsini na tano wa Cutler Springs, ambaye hakuwa amemtazama Cade wala kocha hata mara moja, akaliona, akageuka, na kuwapungia wenzake warudi nyuma.