Pembe ya Mzee Makame

Sikudhani, mgeni mjini, alikuwa amealikwa na majirani kwenda kuwinda bweha kwa farasi mwisho wa juma. Alikwenda sambamba na Mzee Makame, kiongozi wao. Walipofika juu ya kilima, wenzao wakiwa bado nyuma, bweha alikuwa amesimama mbele yao, peupe kabisa.

"Leo hatumpati," alisema Makame, akikodoa macho kwingine.

Moyo ulimuuma Sikudhani. "Yupo hapo mbele yako, baba," alinong'ona.

Makame akalegeza hatamu. "Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Wenzangu hawajui."

Vishindo vya kwato vikakaribia. Makame akavua shingoni pembe ya kuwaitia wawindaji, akamkabidhi.

"Piga wewe, uwaongoze."

Pembe ilikuwa bado na joto la kifua chake. Sikudhani akavuta pumzi.