Taa Zilizogoma Kuinuka

Mtoro alimwambia mkewe, Mwanaidi, kwamba hawawezi kwenda kumwona mama mzazi wa Mwanaidi, aliyekuwa mgonjwa, kwa sababu taa za gari lao kuukuu, zile zinazojificha ndani ya boneti na kuinuka zinapowashwa, zimegoma kuinuka, na huko hakufikiki kabla ya giza. Mwanaidi hakuamini. Jioni, mumewe alipoingia kuoga, akamwita fundi wa jirani.

"Fyuzi ni nzima, mota nazo nzima," fundi alisema, akimwonyesha nyaya mbili. "Dada, hizi hazikukatika. Kuna mtu amezichomoa."

"Zirudishe."

Taa zikainuka taratibu, zikawaka. Mtoro alikuwa amesimama uani, taulo begani, mwanga ukimpiga usoni.

"Nani kazichomoa?" Mwanaidi aliuliza.

Mtoro akasogea katikati ya njia ya gari. Mwanaidi akaingia garini, akashika usukani. Mumewe akajikinga macho kwa mkono, lakini hakuondoka njiani.